Karatasi haikujui: nilichojifunza wiki nane benki



Leo nina maoni yangu na najua wengine hamtayapenda. Wengi wetu tunaouza mtandaoni tukikosa mkopo tunasema "benki mpaka uwe na mtu". Mimi nasema mara nyingi si hivyo. Tunakosa kwa sababu hela yetu inapita bila kuacha alama.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nyumbani ni Chilangala, Newala. Nauza korosho zilizobanguliwa kupitia WhatsApp na Instagram, wateja wengi wako Dar, mzigo natuma kwa basi. Likizo ya mwaka wa pili nilifanya fildi wiki nane kwenye tawi moja la benki, Masasi. Benki yenyewe siitaji, na ya wateja wake siyasemi.

Nilidhani nitakaa kwenye kiyoyozi nijifunze mambo makubwa. Wiki mbili za kwanza nilisimama karibu na mlango nikiwajazia wazee karatasi za kuweka na kutoa hela. Posho hakuna. Nauli na chakula vilitoka kwenye mtaji wangu wa korosho, na uliniuma kweli. Wiki ya tatu wakanipeleka dawati la mikopo kupanga mafaili. Hapo ndipo shule ilipoanza.

Jioni moja nikamuuliza afisa mikopo, "Kaka, na mimi nina biashara. Ningeomba, ningepata?" Akasema, "Mdogo wangu, lete karatasi."

Nikamletea taarifa ya miezi sita ya akaunti yangu ya simu. Akaipitia kwa kalamu. Hii 30,000 ya nani? Mama kanitumia. Hii 50,000? Mteja. Hii? Rafiki kanilipa deni. Kisha bando, nauli, bando, bando. Kuna mwezi nilikuwa na uhakika niliuza kilo 18 kwa 25,000, yaani 450,000. Kwenye karatasi hela ya wateja ilionekana 210,000 tu. Ile 240,000 nyingine, kuna niliyolipwa mkononi na kuna iliyoingia kwenye namba ya dada. Na kila iliyoingia ilitoka siku hiyo hiyo.

Akacheka, akaniambia, "Mimi nakujua unauza, korosho zako nimekula. Lakini karatasi haikujui."

Sikulala vizuri siku ile. Nilikuwa najiita mjasiriamali.

Sasa linganisheni na wazee wetu. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kwenye korosho mwaka 2007. Mkulima anapeleka korosho AMCOS, zinaenda ghalani, zinauzwa mnadani, na siku hizi malipo yanapitia benki. Mfumo una malalamiko yake, na huku kwetu kila mtu anayo ya kusimulia. Lakini matokeo yake ni kwamba mzee wa Chilangala mwenye simu ya kitochi anaweza kuonyesha hela ya misimu kadhaa, iliingia lini na kiasi gani. Mimi mwenye simu janja na wafuasi kibao sikuweza kuonyesha ya mwezi mmoja.

Najua mtasema benki nao wana lao. Ni kweli. Dhamana ya nyumba binti wa miaka 22 ataitoa wapi? Fomu zenyewe ndefu mpaka unakata tamaa. Sikatai, na hayo yanapaswa kusemwa. Ila hayo huwezi kuyabadilisha wewe kesho asubuhi. Karatasi yako unaweza.

Na ubaya wa kukosa karatasi ni kwamba shida haisubiri. Mkulima aliyebanwa kabla ya msimu anauza kangomba, korosho zinaondoka kwa bei ya kutupa. Muuzaji wa mtandaoni aliyebanwa anakimbilia kausha damu, au programu za simu zinazokupa hela kwa dakika tano halafu zinawapigia ndugu zako wote. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu za mikopo zisizo na leseni. Kabla hujabonyeza "kubali", angalia kama huyo unayemkopa ana leseni.

Haya ndiyo niliyofanya niliporudi chuo, na ndiyo nakushauri:

1. Nilichukua lipa namba ya biashara. Mteja wa korosho analipa huko tu. Mama akituma hela ya matumizi, inakuja kwenye namba yangu ya kawaida.

2. Mteja akinilipa mkononi, nikifika kwa wakala naiweka yote kwanza. Matumizi baadaye.

3. Sitoi hela yote siku iliyoingia. Najilipa kiasi kile kile kila Jumamosi, basi.

4. Daftari. Kila jioni naandika nimeuza nini, kwa nani, nauli ya mzigo kiasi gani. Dakika kumi tu.

Mkopo bado sijaomba. Ila baada ya miezi minne nilikaa na daftari langu, nikaona kitu ambacho sikukijua: vifurushi vya nusu kilo nilivyokuwa natuma Dar kwa "nauli juu yangu" vilikuwa vinanila. Kila kifurushi nilikuwa nawapa wateja faida yangu na kidogo cha mtaji. Mwaka mzima nilikuwa nafurahia oda nyingi! Sasa natuma kuanzia kilo mbili, au mteja analipia nauli mwenyewe. Oda zimepungua, hela imebaki.

Kwa hiyo usiandike kwa ajili ya benki peke yake. Mtu wa kwanza anayetakiwa kuisoma ile karatasi ni wewe.

Haya, tuambiane ukweli hapo chini: hela ya biashara yako na hela ya mboga zinakaa namba moja au mbili?