Orodha Isisomwe kwa Mdomo Tu

Tarehe 20 Novemba, 1974, ndege ya Boeing 747 ya shirika la Lufthansa la Ujerumani Magharibi iliruka kutoka uwanja wa Embakasi, Nairobi, ikielekea Johannesburg. Ndani yake walikuwamo watu 157. Iliinuka kidogo tu, ikatetemeka, ikashindwa kupanda, ikaanguka umbali wa kilomita moja hivi kupita mwisho wa njia ya kurukia na kushika moto. Watu 59 walikufa. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza ndege ya aina hiyo kuua abiria tangu ilipoanza kazi mwaka 1970.

Vibawa vya ukingo wa mbele, ambavyo hutokeza ili kulipa bawa nguvu ya kubeba wakati mwendo ungali mdogo, havikuwa vimetoka. Husukumwa kwa hewa, na hewa hiyo ilikuwa haijafunguliwa. Nairobi nayo iko zaidi ya futi 5,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa nyepesi haisamehi kosa la namna hiyo. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulitaja sababu mbili: ndege haikuwa na chombo cha kuwaonya wanaoiendesha juu ya hatari hiyo, na wenyewe hawakutimiza ipasavyo yaliyomo katika orodha ya ukaguzi.

Tunapenda msomaji alitafakari jambo hilo la pili. Orodha ilikuwamo ndani ya ndege, na waliokuwa nayo hawakuwa wanagenzi.

Orodha hizi zilizaliwa kutokana na msiba. Mwezi Oktoba 1935, huko Dayton, Marekani, ndege mpya ya Boeing yenye injini nne ilianguka mbele ya maofisa wa jeshi waliokuja kuipima. Komeo linaloushika usukani wa mkia usipigwe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa lilikuwa halijafunguliwa. Meja Ployer Hill, rubani hodari, alikufa, na Leslie Tower wa kampuni ya Boeing akafa baadaye kwa majeraha. Wapo waliosema kuwa ndege ile imemzidi binadamu. Marubani wenzao hawakukubali. Waliona kwamba akili ya mtu, hata awe bingwa namna gani, haiaminiki kukumbuka kila jambo kila siku, wakaandika mambo ya kutazamwa kabla ya kuruka. Ndege ile ile ikaja kutengenezwa kwa maelfu, ikaruka vizuri.

Lakini kadi haina macho. Mazoea yana taabu, na mtu aliyeisoma kadi moja mara elfu huanza kujibu “tayari” kabla jicho halijafika kwenye swichi. Anaona alichotarajia kuona. Hatari ya pili ni kukatizwa: ujumbe unaingia kwa redio, amri ya njia inabadilishwa, na orodha iliyoachwa katikati hairudiwi tangu mwanzo. Huko Detroit tarehe 16 Agosti, 1987, ndege ya shirika la Northwest iliruka bila vibawa kuteremshwa, kwa sababu orodha ya wakati wa kwenda kwenye njia ya kurukia haikusomwa. Chombo cha kuonya kilikuwamo safari hii, ila umeme wake ulikuwa umekatika. Walikufa watu 156, wawili kati yao wakiwa chini barabarani. Katika ndege nzima alipona mtoto mmoja wa miaka minne.

Jambo hili linatuhusu sana sisi wa Afrika Mashariki. Watu wetu huenda Mafia, mbugani, na hospitali za mbali kwa ndege ndogo, na baadhi ya ndege hizo zina rubani mmoja. Huyo hana mwenzi wa kumsomea. Anajiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe. Ndiyo maana ule mzunguko anaoufanya kwa miguu kuizunguka ndege haufai kupuuzwa. Rubani makini huchota mafuta chini ya tangi katika chombo cha kioo na kuyainua kwenye mwanga, kwa kuwa maji ni mazito kuliko mafuta na hutuama chini. Huvisukuma vibawa kwa mkono. Huchungulia kile kibomba kidogo kinachopima mwendo wa ndege, maana nyigu hawachelewi kujenga humo ndege ikiachwa bila kifuniko. Na kifuniko chenyewe kikisahaulika, ubaya ni ule ule. Peru, mwezi Oktoba 1996, watu wote 70 waliokuwa katika ndege moja ya Aeroperú walikufa baharini kwa sababu ya utepe wa gundi uliobandikwa kwenye vitundu vya kupimia kanieneo ya hewa wakati wa kuisafisha, ukasahauliwa. Wakaguzi wa chini walipita, rubani naye akapita, hakuna aliyeuona.

Kazi hiyo huchukua dakika chache. Ndizo dakika ambazo abiria hutazama saa zao na kuguna, kana kwamba kijana yule anacheza na tairi. Abiria tunamsihi avumilie. Wenye makampuni lawama yao ni nzito zaidi. Anayepanga safari sita kwa siku bila kuacha nafasi ya ukaguzi baina yake amekwisha kumwamuru rubani asikague, hata kama hajatamka neno. Muda huo uandikwe katika ratiba, na rubani anayekataa kuruka kwa sababu ya kasoro aliyoiona asikatwe malipo ya safari hiyo.

Mamlaka za anga nazo zisiridhike na vitabu vilivyotiwa sahihi. Wakaguzi wake waende kwenye viwanja vya changarawe saa kumi na mbili asubuhi, wakati ndege ya kwanza inatayarishwa, wasimame kando bila kutoa taarifa, na kutazama kama rubani anaizunguka ndege yake au anaingia moja kwa moja na kuwasha injini.