Nani Alisema Mac Haiugui?

Ndugu msomaji, pengine umepata kuambiwa na muuzaji wa kompyuta, au na shemeji ajifanyaye mjuzi wa mambo hayo, kwamba ukinunua Mac usijisumbue na habari za virusi, kwani virusi ni maradhi ya kompyuta za Windows. Neno hilo lilienezwa na wenye mali wenyewe. Mwaka 2006 kampuni ya Apple ilionyesha katika televisheni za Marekani tangazo la mtu anayepiga chafya kwa homa, mfano wa kompyuta za wengine, na kando yake kijana mwenye siha njema, mfano wa Mac. Watu walicheka, wakanunua.

Lakini siha ile ilitoka wapi? Kwa sehemu ilitokana na ujenzi wa mashine, hilo hatulikatai. Zaidi ya hapo ilitokana na uchache wake. Mwizi wa mifukoni haendi kwenye kituo kisicho na abiria. Wala si kweli kwamba mashine za Apple hazikuguswa kabisa: mwaka 1982 mwanafunzi wa Kimarekani wa miaka 15, Rich Skrenta, alitunga kirusi kiitwacho Elk Cloner, kikasambaa kwa diski kati ya kompyuta za Apple II. Ule ulikuwa utani wa kijana kwa rafiki zake. Wafanyao kazi hiyo leo hawatanii.

Mwaka ambao sifa ile ilivunjika ni 2012. Programu haribifu iitwayo Flashback iliingia katika Mac zaidi ya 600,000 duniani. Ilipitia tundu lililokuwa katika Java, programu ya kampuni nyingine, Oracle. Oracle walikuwa wameliziba tundu hilo tangu Februari. Apple, ambao waliwagawia wateja wao Java wenyewe, hawakutoa masahihisho hadi Aprili. Katika majuma hayo ya kungoja, mtu hakuhitaji kubonyeza lolote la hatari: kufungua ukurasa ulioharibiwa kulitosha. Mwezi Juni mwaka huohuo Apple waliondoa katika tovuti yao maneno yaliyodai kwamba Mac haipati virusi vya kompyuta nyingine. Waliyaondoa kimya kimya, jambo ambalo mwandishi wenu analiona si la kiungwana. Mteja aliyeahidiwa kwa sauti ya juu alistahili kuarifiwa kwa sauti hiyohiyo.

Mwaka 2021, mkuu wa programu wa Apple, Craig Federighi, alipotoa ushahidi mahakamani huko California, alisema kwamba kiwango cha programu haribifu kwenye Mac kilikuwa kisichokubalika. Kampuni ilikuwa ikijitetea katika kesi, kwa hiyo ilimfaa kusema hivyo. Hata hivyo alisema kweli.

Balaa la sasa halihitaji hata tundu. Mwaka 2023 ilianza kuuzwa, kwa dola 1,000 kwa mwezi, programu ya wizi iitwayo Atomic. Angalia, msomaji: inakodishwa kama chumba, na mpangaji hahitaji kuwa fundi. Mtu hutafuta programu fulani, huona tangazo linalofanana na la kweli, hupakua, kisha kidirisha humwomba neno la siri la kompyuta yake. Naye huliandika, kwa kuwa Mac humwomba neno hilo kila mara. Hapo huchukuliwa maneno yote ya siri aliyoyahifadhi humo, pamoja na fedha za kidijitali kama anazo. Kufuli lilikuwa zima. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyetoa ufunguo.

Katika nyumba zetu nyingi kompyuta ni moja, nayo hutumiwa na baba kwa hesabu zake, na mama kwa biashara, na kijana anayetafuta bure programu iuzwayo. Huyu wa mwisho ndiye wa kuzungumza naye kwanza, kwa upole, kwa kuwa programu hizo za bure ni mlango mkubwa wa Atomic na ndugu zake. Na kama ukurasa wowote unawaagiza mnakili mstari wa maneno msiyoyaelewa na kuubandika katika kompyuta, ufungeni.

Picha na hati wekeni nakala katika diski ya pembeni, kisha ichomoeni. Mwezi Machi 2016 programu iitwayo KeRanger ilijificha ndani ya Transmission, ikapakuliwa kutoka tovuti halali ya wenyewe. Ilinyamaza siku tatu, kisha ikafunga mafaili ya watu na kudai bitcoin moja, iliyokuwa kama dola 400.

Kwa anayenunua Mac iliyotumika: mwambie muuzaji aiwashe, mbonyeze alama ya tofaa pembeni mwa kioo, msome toleo la mfumo wake. Apple huendelea kusahihisha matoleo machache ya karibuni tu. Kama hilo limekwisha kuachwa, dai bei ipunguzwe, na mambo ya benki yasifanywe humo.