Usingizi si Wizi wa Wakati

Yeyote apitaye katika mtaa wa Pioneer, hapa Eldoret, usiku wa manane wakati wa majuma ya mitihani, ataona madirisha mengi yangali na mwanga. Nyuma ya mapazia hayo wamo wanafunzi wa vyuo waliopanga vyumba, wameinamia madaftari. Wenyewe husema kwamba wanakesha.

Neno hilo lastahili kutazamwa. Kwa kawaida ya lugha yetu, mkesha ni jambo la nadra lenye heshima: watu hukesha kwa ajili ya ibada, arusi au matanga, kisha hurudi makwao kulala. Vyuoni umegeuka kuwa mtindo wa maisha, na anayejigamba kwamba hajapata hata lepe la usingizi kwa siku mbili husikilizwa kwa husuda. Kulala, kwa upande wake, kumekuwa tusi. Mkenya akiambiwa kwamba "amelala", maana yake ni kuwa wenzake wamemwacha nyuma.

La kustaajabisha ni kwamba fikira hizi zimestawi katika mji wa wanariadha. Mwendo mfupi kutoka hapa, Kaptagat, ndiko Eliud Kipchoge alikofanyia mazoezi kwa miaka mingi kabla ya kukimbia kilomita 42 chini ya saa 2 mjini Vienna mwaka 2019. Katika kambi kama hizo watu huamka alfajiri wakakimbia, hujinyosha kitandani adhuhuri, na usiku hulala mapema. Hakuna kocha awaitaye wavivu. Kwao usingizi ni sehemu ya kazi, kwani mwili hujijenga upya mtu alalapo.

Akili nayo haina desturi tofauti. Mwaka 1924, katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, Jenkins na Dallenbach waliwakaririsha wanafunzi wawili orodha za silabi zisizo na maana yoyote. Walipolala baada ya kukariri, walikumbuka silabi nyingi zaidi kuliko walipokaa macho kwa muda ule ule. Utafiti wa baadaye umeeleza kwamba ubongo wa aliyelala huyapitia tena aliyojifunza na kuyaimarisha. Kwa hiyo anayekesha hadi majogoo kisha akaingia katika chumba cha mtihani ameitupa hatua ya mwisho ya masomo yake. Wataalamu hupendekeza saa 7 hadi 9 za usingizi kwa vijana wa miaka 18 hadi 25. Kahawa na miraa huahirisha deni hilo tu, hazililipi.

Hata hivyo, si haki kuwalaumu vijana peke yao. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zimeutenga muda wa kuanzia saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi uwe wa mapumziko katika shule za bweni. Walimu wanaosoma safu hii wanajua kengele hulia saa ngapi hasa. Kijana aliyeamshwa gizani kwa miaka minne huingia chuoni, asikute kengele, akajigongea mwenyewe.

Wapo pia wanaokesha kwa sababu mchana wameshinda vibaruani wakitafuta karo. Hao hawahitaji mahubiri juu ya usingizi. Wanahitaji mikopo ya elimu itolewe kwa wakati. Na jirani wa baa au wa kanisa lenye vipaza sauti atalalaje, ilhali kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 hazitekelezwi?

Lakini yapo yasiyohitaji fedha wala sheria mpya. Mwanafunzi anaweza kuweka saa moja maalumu ya kuamka, hata Jumamosi, na kuiacha simu mbali na mto. Vyuo navyo vinaweza kuacha kupanga mihadhara ya saa moja asubuhi kwa watu wanaosafiri kwa matatu. Tena wapo wahadhiri ambao huagiza kazi iwasilishwe kwa mtandao kabla ya saa 5.59 usiku, kana kwamba saa hiyo iliteremshwa kutoka mbinguni. Ikisogezwa hadi saa kumi na moja jioni, hakuna somo litakaloharibika, na mwanafunzi wa Pioneer atafunga kompyuta yake kabla ya kuinjika sufuria ya chakula cha usiku.