Muulize Pepo Jina Lake

Ukishuka Mbaraki, karibu na maghala ya bandari ya Mombasa, utauona mnara mkongwe uliojengwa kwa mawe ya matumbawe. Ndani ni mtupu, na kando yake pana msikiti. Wenyeji wana habari zake. Wasema mnara ule ulikuwa na mwenyewe, na huyo mwenyewe hakuwa mtu. Kwa miaka mingi watu walikwenda pale na ubani na marashi, wakamweleza pepo haja ambazo pengine hawakuthubutu kumweleza hata jirani.

Kijana wa leo akisikia hayo hucheka. Na akikutana na shetani au mzimu katika kitabu cha shule, hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama hupuuza, akisema hizo ni porojo za wazee. Ama huchukua penseli akaandika pembeni mwa ukurasa, "shetani ni ukoloni mamboleo", kisha akafunga kitabu akidhani kazi imekwisha. Kwa maoni yangu, wote wawili hawajakisoma kitabu.

Hebu tujifunze kwa mafundi wa kupunga pepo hapa kwetu pwani. Fundi hodari haanzi kwa kumfukuza pepo. Hufukiza, hupiga ngoma, huimba, hadi pepo apande kichwani mwa mgonjwa, ambaye huitwa kiti. Akishapanda huulizwa: U nani? Watoka wapi? Wataka nini? Naye pepo hujibu kwa kinywa cha kiti. Hapo ndipo mke aliyenyamaza miaka na miaka husikika, mbele ya mumewe na mawifi zake, akidai kanga, akidai pete, na chini ya hayo yote akidai heshima.

Si kazi ya ukurasa huu kuamua kama pepo yupo au hayupo. Kila nyumba ina imani yake, na viongozi wa dini wana kauli zao. Kinachotuhusu leo ni yale maswali. Ni maswali mazuri mno ya kumuuliza shetani wa kitabuni.

Mwaka 1925 alifika Mombasa daktari wa nafsi kutoka Uswisi, jina lake Carl Jung. Kutoka hapa alipanda gari la moshi kwenda bara, akafika Mlima Elgon, akawauliza wazee habari za ndoto zao. Katika kumbukumbu zake anasimulia kwamba mganga mmoja mzee alimjibu kwa huzuni. Zamani waganga waliota, wakajua kama vita au maradhi yanakuja. Tangu Wazungu waingie nchini hakuna haja ya ndoto tena, kwani sasa wao ndio wajuao kila kitu.

Jung alikuja na macho ya Mzungu wa zama zake, na si kila alilolisema juu ya Waafrika la kukubaliwa. Lakini alifundisha jambo moja la kutusaidia. Alisema kila mtu ana kivuli ndani ya nafsi yake, yaani ile sehemu asiyotaka kuiona wala ionwe na wengine. Kivuli hicho hakifi kwa kufichwa. Hurudi katika ndoto, na hurudi katika visasili na hadithi kwa sura ya nyoka, jitu au shetani. Wahenga wetu walikwisha kusema: kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa tuchukue tamthilia ya Ebrahim Hussein, Mashetani, iliyotoka mwaka 1971. Vijana wawili marafiki, Juma na Kitaru, wanacheza mchezo penye mbuyu. Juma ni Shetani, Kitaru ni Binadamu. Mchezo unakwisha, lakini kwa Kitaru haukwishi. Anaugua akilini, na wazazi wake wanahangaika. Ni kweli kwamba shetani huyu ana uhusiano na mkoloni aliyeondoka kwa mlango akarudi kwa dirisha. Lakini muulize zaidi: Watoka wapi? Utaona kwamba nyumba ya kina Juma ilikuwa na mali na hadhi ikavipoteza, na nyumba ya kina Kitaru ndiyo iliyopanda. Baina ya marafiki hawa pana jambo ambalo hawawezi kuambiana wazi wazi. Shetani amelipata pengo hilo, akakaa.

Au mchukue K, bwana mkubwa katika riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Babu Alipofufuka, ya mwaka 2001. Ana madaraka, ana starehe. Anamtokea babu yake aliyekwisha kufa, anamtoa katika starehe hizo na kumwonyesha taabu za watu. Muulize mzimu huyu jina lake. Wengine watamwita historia, wengine watamwita dhamiri. Mimi nasema ni vyote viwili, na ndiyo sababu hawezi kufukuzwa kwa askari wa langoni.

Mwandishi wetu wa Pwani, marehemu Katama Mkangi, aliwahi kutiwa kizuizini miaka ya 1980. Mwaka 1995 alitoa riwaya yake Walenisi. Dzombo anahukumiwa kufa, lakini safari ya kwenda kufa inamfikisha katika nchi ngeni yenye haki. Lisome jina la nchi hiyo polepole: wale ni sisi. Tuliodhani ni viumbe wa mbali, kumbe ni nafsi zetu wenyewe, kama tungethubutu kuwa hivyo.

Basi, ewe mwanafunzi, katika mtihani andika ukoloni mamboleo ikiwa kitabu kinakuunga mkono. Ni jibu la haki. Lakini usiishie hapo. Uliza shetani huyu amempanda nani, kwa nini yeye na si mwingine, na anasema lipi ambalo kiti chake hakiwezi kulisema. Jibu la maswali hayo ndilo linalomtofautisha msomaji na mwenye kukariri.

Nanyi wazazi, msidhani haya ni ya darasani tu. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akianza kunyamaza, akishtuka usiku na kusema anaona kitu mlangoni, mpelekeni kwa daktari, na anayetaka dua aombe dua. Lakini kabla ya kumkaripia kwamba hakuna kitu, kaeni naye mkamuulize hicho kitu kinafananaje, kilianza kuja lini, kinataka nini. Pengine kina sura ya mwalimu, au ya jamaa anayelala chumba cha pili, au ya ugomvi anaousikia ukutani kila usiku. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mtoto asiyeulizwa huficha.

Mnara wa Mbaraki ungali umesimama, nao sasa ni miongoni mwa majengo ya kale yanayohifadhiwa. Haja zilizowapeleka wazee wetu pale hazijaisha. Zimehamia vitabuni, na zinangoja mtu wa kuziuliza.