Jiji Linatuona, Lakini Haliruhusiwi Kutusaidia

Wengi wetu tuna ndugu Houston, waliopanda ndege ya kuhamishiwa nchi ya tatu wakatuacha hapa Katwe na Kansanga. Basi tuanzie kwao. Mwaka 2023 serikali ya mtaa ya huko, Kaunti ya Harris, iliamua kuzipa familia maskini kama 1,900 dola 500 kila mwezi kwa miezi 18, bila kuzipangia matumizi. Zikaomba zaidi ya 80,000. Mwanasheria mkuu wa jimbo la Texas, Ken Paxton, akakimbilia mahakamani, na Juni 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo ikazuia mpango huo kesi ikiendelea. Hakuna familia iliyokuwa imepokea hata senti. Iowa na Idaho zilitunga sheria kabisa kukataza miji yao.

Sasa hayo yanatuhusu nini sisi wa Kampala? Hapa hata kesi haikuhitajika. Tangu Katiba ilipobadilishwa mwaka 2005, jiji hili liko chini ya serikali kuu, na sheria ya KCCA ya 2010 ikaleta Mkurugenzi Mtendaji anayeteuliwa na Rais. Meya tunampigia kelele bure, maana ufunguo wa sanduku haukai kwake. Jiji likitaka kesho kumpa kila mkazi wa Kisenyi shilingi 50,000, lazima liombe juu. Na huko juu mkimbizi ana mahali pake palipopangwa: Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja. Msaada uko huko. Aliyekuja mjini ajitegemee.

Jamani, kujitegemea nani amekataa? Mama zetu wanatembeza vitenge na herini juani tangu asubuhi. Kila tukitoa hela kwenye simu, serikali inakata asilimia 0.5, na simu haiulizi kama una kitambulisho cha taifa au kadi ya mkimbizi. Kwenye kukatwa sisi ni wakazi. Kwenye kupewa ndipo tunageuka wageni. Posho ya wazee, shilingi 25,000 kwa mwezi kuanzia miaka 80, ni ya raia mwenye kitambulisho cha taifa. Bibi aliyekimbia Masisi akiwa na miaka 75 akazeekea Nsambya, huyo hahesabiwi.

Tukumbushane pia Machi 2020, wakati wa korona. Rais alionya kwamba mwanasiasa atakayegawa chakula mwenyewe atashtakiwa kwa kujaribu kuua, eti anakusanya watu waambukizane. Aprili mbunge Francis Zaake akakamatwa kwa kugawa chakula Mityana. Hofu ya ugonjwa ilikuwa ya kweli, hatubishi. Lakini tuliona wazi kwamba hata kutoa kunahitaji ruhusa, na anayetoa ruhusa ndiye anayebaki na sifa.

Watasema hela za bure zinaleta uvivu. Wapi! Siaya, ng'ambo ya mpaka nchini Kenya, shirika la GiveDirectly lilizipa kaya zaidi ya 10,000 karibu dola 1,000 kila moja. Watafiti wakakuta kila dola iliyoingia ilizunguka ikazaa kama dola mbili na nusu kwenye uchumi wa pale, na bei madukani hazikupanda hata kwa asilimia moja. Hata majirani ambao hawakupewa kitu walinufaika.

Ndiyo maana hatuombi mfuko wa wakimbizi peke yao. Jirani yetu Mganda kwenye mizigo yale yale analala njaa ile ile, na akiona sisi tu tunapewa atatuchukia, naye atakuwa na haki. Tunataka jiji liruhusiwe kumlipa mkazi kwa sababu ni mkazi. Mwenyekiti wa LC1 anajua nani analala wapi. Barua yake inakubaliwa kwa mambo mengi, kwa nini isikubaliwe kwa hili?

Na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma: mwaka 2025 WFP ilisimamisha chakula kwa karibu wakimbizi milioni moja nchini Uganda, na baadhi yao tunawapokea kwenye vyumba vyetu. Semina ya kutengeneza sabuni tumeshahudhuria, asanteni, cheti tunacho. Mkikaa tena na Ofisi ya Waziri Mkuu, ulizeni jambo moja tu, na jibu mtuletee kwa maandishi: ni kifungu gani cha sheria kinachokataza Kampala kumpa mkazi wake hela?