KONA YA BWANA SHAMBA: Saa Yako na Saa ya Jirani



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kukausha mahindi kabla ya kuyaingiza ghalani. Mwezi huu tunaacha jembe kidogo, tutazame saa. Usishangae. Mazao huharibika shambani kwa wadudu, lakini mengine huharibika njiani, kwa sababu muuzaji na mnunuzi walipatana wakati wa kukutana na kila mmoja alikuwa na saa yake.

Wewe unayeishi mkoa wa Songwe unaujua mji wa Tunduma. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, katika nchi ya Zambia. Miji hii imeshikana. Mtu hutoka mmoja akaingia mwingine kwa miguu. Lakini saa zake hazilingani. Tunduma ikiwa saa 4 asubuhi, Nakonde ni saa 3 asubuhi. Saa ya Zambia iko nyuma ya saa yetu kwa saa moja kamili, masika na kiangazi.

Kwa nini iwe hivyo? Usiku washa koroboi, kisha shika chungwa mbele yake. Upande wa chungwa unaotazama taa una mwanga. Huo ni mchana. Upande wa nyuma una giza. Huo ni usiku. Sasa ligeuze chungwa polepole. Utaona kwamba mwanga haufiki pande zote kwa wakati mmoja. Dunia nayo hugeuka hivyo, na mzunguko mmoja huchukua saa 24. Sisi tunaokaa magharibi mwa nchi hulipata jua baada ya wenzetu wa pwani. Dar es Salaam hulitangulia Tunduma kwa karibu nusu saa.

Kama kila mji ungefuata jua lake, treni na meli zisingeweza kuwa na ratiba. Kwa hiyo mwaka 1884 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Washington, Marekani. Walikubali kwamba hesabu ianzie kwenye mstari unaopita Greenwich, mjini London. Duara la dunia lina nyuzi 360. Ukigawa kwa saa 24 unapata nyuzi 15. Basi kila ukienda mashariki nyuzi 15, saa inaongezeka moja. Baadaye kila serikali ilichagua saa ya nchi yake. Tanzania iko saa 3 mbele ya Greenwich. Zambia iko saa 2 mbele.

Hapa pana jambo la kuchekesha. Mstari wa saa yetu ni ule wa nyuzi 45, na mstari huo haupiti Tanzania kabisa. Unapita baharini, mashariki yetu, ukakatiza Madagaska. Mstari wa saa ya Zambia ni wa nyuzi 30, nao uko karibu zaidi na Tunduma. Kwa hiyo jua likifika juu kabisa, saa ya Nakonde huwa karibu na saa 6 mchana, na ya Tunduma huwa karibu na saa 7. Wako wazee wa mpakani wanaosema saa ya Zambia ndiyo inayolifuata jua. Hawakosei. Lakini ofisi, basi na benki za Tunduma haziendi kwa jua. Zinakwenda kwa saa ya Tanzania.

Huo ni mtego wa kwanza. Mtego wa pili ni wetu wenyewe. Kwa Kiswahili tunahesabu saa tangu kulipokucha na tangu jua lilipotua. Saa ya ukutani huhesabu tangu usiku wa manane na tangu adhuhuri. Tofauti ni saa 6. Mshale mfupi ukiwa kwenye 10 asubuhi, sisi tunasema saa 4. Jirani wa Zambia anayetumia Kiingereza husema kumi, na katika simu huandika 10:00.

Msimu uliopita kikundi kimoja cha wakulima wa nyanya, katika kata ninayofanyia kazi, kiliingia katika mitego yote miwili kwa siku moja. Mnunuzi wa Nakonde aliwatumia ujumbe: atakuwa sokoni Tunduma 10:00. Hakuandika zaidi ya hapo. Wakulima walisoma saa 10, wakajua ni jioni. Walichuma kwa nafasi, wakapanga matenga 40, wakafika saa 9 alasiri wakijisifu kwamba wamewahi. Mnunuzi alikwisha kuja. Alikusudia saa 4 asubuhi kwa saa ya Zambia, yaani saa 5 asubuhi kwa saa yetu. Alingoja mpaka saa 8 mchana, akanunua nyanya za watu wengine, akavuka kurudi kwao. Nyanya zilikuwa zimeiva sana, haziwezi kulala. Jioni ziliuzwa kwa bei ya kutupa, na nauli ya gari ililipwa kwa kukopa.

Sasa fuata hesabu yao polepole. Ujumbe unasema 10:00. Ondoa 6, unabaki na 4. Hiyo ni saa 4 asubuhi, lakini bado ni ya Zambia. Ongeza 1 ya mpaka. Unapata saa 5 asubuhi ya Tanzania. Watu wengi hufanya hatua ya kwanza na kusahau ya pili. Namba ikiwa ndogo kuliko 6, kama 5:00 ya alfajiri, usiondoe. Ongeza 6, utapata saa 11 alfajiri. Na 13:00 kwao ni saa 7 mchana. Ondoa 6 vilevile. Kuanzia 19:00, ondoa 18: 19:00 ni saa 1 usiku.

Simu nazo zina ujanja wake. Ukiwa Tunduma simu yako huweza kushika mtandao wa Zambia, ikajirudisha nyuma saa moja bila kukuuliza. Unaamka, unaona bado mapema, kumbe basi limeondoka. Ingia mahali pa kupanga tarehe na saa, uizuie simu isijibadilishe yenyewe. Ukishindwa, mpe kijana akufanyie. Mimi pia huvaa saa ya mkononi. Wananicheka, lakini haishiki mtandao wa mtu.

Ukipatana na mtu wa ng'ambo, andika hivi: "Saa 5 asubuhi ya Tanzania, yaani 10:00 ya Zambia." Halafu mwambie aseme yeye kwa maneno yake. Usikubali jibu la "sawa" tu. Na ukitaka huduma ya ofisi ya kule, kumbuka kwamba ikifunguliwa saa 2 asubuhi yao, kwetu ni saa 3. Ukifika saa 2 yetu utakaa kwenye baraza.

Majirani wengine nao wajue. Kenya na Uganda saa yao ni kama yetu. Malawi, Msumbiji, Rwanda, Burundi na Kongo ya mashariki ziko nyuma yetu kwa saa moja, kama Zambia. Kinshasa iko nyuma kwa saa mbili. Mwenye ndugu Oman ajue kwamba kule wako mbele yetu kwa saa moja: kwetu saa 3 usiku, kwao ni saa 4. Ukipiga saa 5 usiku utawaamsha.

Zoezi la mwezi huu, lifanyeni pamoja darasani. Mfanyabiashara aliyeko Lubumbashi ameandika kwamba lori lake litafika Nakonde 15:30, saa ya huko. Wewe uko Tunduma na magunia ya mchele. Uwe tayari saa ngapi kwa saa yako? Jibu litatoka toleo lijalo, pamoja na habari za dumuzi.