Bunia: Mashine ikiandika programu, nani atajibu orodha ya waliokimbia ikivuja?

Kijana wa Bigo mwenye kompyuta moja, sola juu ya bati na mega za kutosha anaweza leo kulala na wazo na kuamka na programu ya simu. Anaiandikia mashine ya akili bandia, kwa Kifaransa au hata kwa Kiswahili, kwamba anataka kitu cha kuandikisha familia, namba za jetoni na siku za mgao. Mashine inamtolea mistari mamia kwa mamia. Zamani kazi hiyo ilihitaji kundi la mafundi na miezi kadhaa. Wanaomlaumu kwa kutumia chombo hicho wanakosea. Mafundi wa Nairobi, Kampala na Paris wanakitumia. Hakuna sababu kijana wa Bunia, asiye na kampuni nyuma yake wala mwalimu wa kumuuliza usiku, awe ndiye pekee wa kuambiwa aandike kila mstari kwa mkono ili aonekane mwaminifu.

Swali liko kwingine. Programu hiyo inabeba majina ya nani, na majina hayo yakitoka nje, nani atajibu?

Katika miji yenye amani, orodha ya wateja ikivuja, mtu anasumbuliwa na matangazo. Ituri si hivyo. Jina la baba, kijiji alikotoka na kambi anakolala vinatosha kumwambia mwenye nia mbaya kwamba huyu ni wa jamii fulani na anapatikana mahali fulani. Na kambi haina ukuta. Mwanzoni mwa Februari 2022 wapiganaji wa CODECO walishambulia kambi ya Plaine Savo, eneo la Djugu, wakaua watu wapatao 60 waliokuwa tayari wamekimbia vita mara moja. Anayetengeneza programu ya kuandikisha watu wa namna hiyo ameshika kitu kizito kuliko anavyodhani.

Kosa la kawaida ni dogo kiasi cha kuchekesha. Mama anafungua ukurasa wa familia yake kwenye simu. Juu, kwenye anwani, kuna namba 214. Mtu mwingine akiandika 215 mahali pake, anasoma familia ya jirani: majina, umri wa watoto, kijiji, namba ya simu. Akiendelea hadi 3000, amebeba kambi nzima. Na programu haijaharibika hata kidogo. Fundi aliomba ionyeshe familia, nayo inaonyesha familia. Hakuna aliyeikumbusha iulize kwanza: wewe unayeomba ni nani? Mara nyingi mashine hujibu kile ilichoombwa na kuishia hapo. Hofu ya mtu wa Djugu haimo ndani yake, na fundi asipoiingiza yeye mwenyewe, haitaingia.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York waliijaribu Copilot, chombo cha GitHub, katika kazi zilizochaguliwa kwa sababu ni rahisi kukosea. Kati ya programu 1,689 zilizotoka, karibu asilimia 40 zilikuwa na mianya ya usalama. Mwaka uliofuata watafiti wa Stanford waliona jambo la kutisha zaidi: waliosaidiwa na mashine waliandika programu zenye mianya mingi kuliko walioandika peke yao, na bado ndio walioamini zaidi kwamba kazi yao ni salama. Vyombo vimeboreka tangu hapo. Lakini kujiamini kupita kiasi ni ugonjwa wa mtu, na hauponi kwa kununua toleo jipya la dola 20 kwa mwezi.

Wakubwa nao huanguka. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wavamizi wameingia katika seva zenye habari za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliotenganishwa na familia zao kwa vita na majanga, waliopotea na waliofungwa. Walipitia mwanya ambao haukuzibwa kwa wakati, wakakaa ndani tangu Novemba bila kuonekana. Shirika hilo lina wataalamu wa usalama. Kijana wa Bigo ana macho yake mawili. Ila shirika lilisema lenyewe, hadharani, na hilo halihitaji bajeti.

Basi fundi anayejitegemea asome. Mstari ambao hawezi kumweleza mwenzake asiuweke mahali penye majina ya watu. Asikusanye asichohitaji: kugawa unga hakuhitaji kijiji cha asili wala jina la babu, na habari ambayo haikuandikwa haiwezi kuvuja. Halafu kuna kishawishi cha saa saba za usiku, programu inapogoma na mgao ni kesho: kunakili orodha yote halisi, kuitupia mashine na kusema, tafuta kosa. Tangu dakika hiyo orodha ya kambi imeondoka Bunia. Iko kwenye seva za kampuni ya ng'ambo, kwa masharti ambayo fundi aliyakubali bila kuyasoma, na wenye majina hawakuulizwa. Majaribio yafanyiwe majina ya kubuni. Kubuni familia hamsini ni kazi ya dakika chache, na hapo mashine isaidie inavyotaka.

Kuhusu malipo, yanazungumzwa kuliko yanavyostahili. Fundi apatane bei ya kazi, asidanganye kwamba ametumia wiki tatu. Ugomvi wa waandishi wa programu walioishtaki GitHub, Microsoft na OpenAI huko Marekani Novemba 2022, wakidai kazi zao zilifundisha mashine bila leseni kuheshimiwa, ni wa mahakama. La Kenya liko karibu zaidi na nyumbani: Januari 2023 gazeti la Time lilieleza jinsi wafanyakazi wa Nairobi walivyolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili ili mashine ya OpenAI ijifunze kuyatambua. Anayesema chombo hiki ni cha bure awakumbuke hao.

Tangu tarehe 13 Machi 2023 Kongo ina Kanuni ya Dijitali, amri ya sheria namba 23/010, yenye sehemu juu ya ulinzi wa habari za mtu binafsi. Ni vizuri ipo, ingawa mama aliye kwenye foleni ya unga hatakimbilia mahakamani. Wala hawezi kukataa kwa urahisi: akiulizwa kama anakubali kuandikishwa huku gunia liko mbele yake, atasema ndiyo. Ndiyo ya namna hiyo haimwondolei fundi mzigo. Wenye nafasi ya kuuliza ni viongozi wa kambi na wa kata, kabla jina la kwanza halijaandikwa: orodha inakaa wapi, nani anaifungua, itafutwa lini, na ni sehemu gani iliandikwa na mashine bila mtu kuisoma? Fundi akijibu matatu na kukwepa la nne, daftari la karatasi na kufuli lake bado vipo.